Posho na Kitoweo: Historia ya Chakula cha Kila Siku katika Nchi za Maziwa

Karibu kila kitabu cha kufundishia Kiswahili kina somo la chakula. Huwa na picha ya meza pamoja na orodha ya majina: asubuhi chai na mkate, mchana wali na nyama, jioni ugali na samaki. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo, mwalimu husahihisha matamshi, kisha wote wawili hurudi nyumbani kwao, ambako hakuna orodha yoyote. Nyumbani kuna swali. Mama mwenye nyumba hulifikiri tangu asubuhi, na wengine hulitamka waingiapo mlangoni jioni: leo mboga ni nini?

Tulitazame vizuri swali hili. Halimwulizi mama atapika nini kwa jumla, maana hilo linajulikana: bukari huko Lubumbashi, bugali huko Bukavu, ugali wa muhogo huko Bujumbura, ndizi za kupika huko Kampala. Swali linauliza jambo moja tu ambalo limeachwa wazi kwa makusudi, yaani kile kitakacholiwa pamoja na hicho kinachojulikana. Nasi tumeonelea katika kurasa hizi tueleze historia ya nafasi hiyo iliyoachwa wazi, katika nchi zilizo baina ya Katanga na Uganda, ambako Kiswahili kilifika pamoja na misafara ya biashara na kukuta vyungu vimekwisha kuinjikwa mekoni.

Tunayo sababu ya kufanya hivyo. Mara kwa mara huandikwa, na hata kufundishwa shuleni, kwamba familia zetu hupika bila mpango, kila siku kwa bahati yake, na kwamba dawa yake ni jedwali la juma lenye Jumatatu hii na Jumanne ile. Sisi twaona kwamba mpango upo, tena ni wa kale, ila haukuandikwa. Maana waliokuwa wakiupanga walikuwa wanawake, na waliokuwa na kalamu walikuwa wakitafuta mpango wa namna nyingine. Namna hizo mbili za kupanga chakula zina majina yake katika Kiswahili. Moja ni posho na ya pili ni kitoweo.

Tuanze na kitoweo. Neno hili latokana na kitenzi kutowea, yaani kula chakula kikuu kwa kukichovya au kukiambatisha na kitu kingine chenye ladha. Kwa hiyo kitoweo si jina la kitu, bali ni jina la kazi. Samaki ni kitoweo akiwa kando ya ugali. Majani ni kitoweo, maharage ni kitoweo, hata chumvi na pilipili katika siku za dhiki zimewahi kufanya kazi hiyo. Watu wa bara hutumia neno mboga kwa maana hiyo hiyo pana, ndiyo sababu mtu wa pwani hushangaa aambiwapo kwamba leo mboga ni nyama.

Lugha za jirani zinakubaliana na Kiswahili katika jambo hili. Waganda husema emmere kwa kile kikuu na enva kwa kile kiambatanacho. Wabemba, ambao ni majirani wa Katanga, husema ubwali na umunani. Bibi Audrey Richards, mtaalamu wa Kiingereza aliyekaa kwa Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake juu ya ardhi, kazi na chakula mwaka 1939, aliona kwamba mtu aliweza kutafuna mahindi ya kuchoma kadhaa mchana kutwa na bado akasema hajala kitu, kwa kuwa hakuonja ubwali. Wageni wengine wangalicheka. Yeye alitambua kwamba chakula kwa watu wale ni umbo lenye sehemu mbili, na sehemu moja isipokuwapo, kula hakujatimia.

Umbo hilo ndilo mpango tunaousema. Sehemu moja hushikwa imara, ili mwenye kupika asisumbuke kuifikiri kila siku. Sehemu ya pili huachwa ipokee chochote ambacho msimu, soko, mfuko na afya ya watu wa nyumbani vitaruhusu. Mwenye kuvumbua jambo hili hajulikani jina, wala hakupata tuzo.

Na tusidhani kwamba sehemu iliyoshikwa imara haikubadilika kamwe. Ilibadilika, ila polepole. Ugali wa zamani katika nchi hizi ulikuwa wa mtama na ulezi, na penye mvua nyingi watu walikula ndizi. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga na maharage haya tunayoyaita ya asili, yote asili yake ni Amerika. Wareno waliuleta muhogo katika pwani ya magharibi, karibu na mlango wa mto Kongo, katika karne ya 16, nao ukaingia bara kutoka mkono kwa mkono. Yatupasa kutafakari jinsi mmea mgeni ulivyoweza kuingia katika nyumba ambazo zilikuwa na heshima kubwa kwa chakula chao cha kale. Twaona kwamba uliingia kwa urahisi kwa sababu umbo la chakula lilikwisha kuwa tayari kuupokea. Mzizi ulikaushwa na kusagwa ukawa unga, unga ukasongwa ukawa ugali; majani yakatwangwa yakawa kitoweo. Mmea mmoja ukajaza sehemu zote mbili. Maharage nayo yalikuta nafasi ya kitoweo inamngojea yeyote aivaye vizuri, yakaikalia. Na katika Rwanda na Burundi yaliikalia kwa nguvu kiasi kwamba leo ni vigumu kuwaza chungu cha huko bila maharage.

Mchele ulipita njia nyingine. Wafanyabiashara kutoka Unguja na pwani, pamoja na Wanyamwezi na watu wa Manyema waliofuatana nao, walikaa Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakalima mpunga katika mabonde ya Lualaba. Waliitwa Wangwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Zao hilo lilibaki hata baada ya utawala wao kwisha, na Maniema ingali nchi ya mpunga. Hata hivyo katika nyumba nyingi wali haukuchukua nafasi ya ugali. Ukawa chakula cha sikukuu na cha mgeni. Hilo nalo ni sehemu ya mpango, maana nyumba isiyo na chakula cha pekee haiwezi kuitofautisha Idi na siku nyingine. Hapa hatuna budi kukiri kwamba historia ya misafara hiyo haikuwa ya mpunga tu. Njia zile zile zilipitisha pembe na watu waliotiwa utumwani, na wengi wa waliopanda mpunga wa kwanza hawakuupanda kwa hiari yao.

Katika Ziwa Tanganyika twapata picha iliyo wazi zaidi ya kitoweo na biashara yake. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuta soko ambalo watu wa pande zote za ziwa walikutana. Samaki na mafuta ya mawese vilitoka ziwani na ukingoni mwake, na chumvi ilitoka Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walilipana kwa shanga ndogo ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Fedha ya namna hiyo yafaa sana kwa kununua kitoweo, kwa kuwa kitoweo hununuliwa kidogo kidogo, cha leo kwa leo. Chumvi, mawese na samaki mkavu: mama mwenye vitu hivi vitatu pembeni mwa meko alikuwa na akiba ya kuokoa jioni yoyote.

Samaki huyo mkavu ni dagaa, ambaye ng'ambo ya Burundi na Kongo huitwa ndagala. Nasi twataka kukaa kidogo juu yake, maana hakuna kitoweo kingine kinachofundisha kupanga kama hiki. Ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani wavuvi waliwasha mienge ya kuni au matete juu ya mtumbwi, na samaki wakaufuata mwanga wakachotwa kwa wavu. Katika miaka ya 1950 zikaja taa za karabai pamoja na nyavu kubwa za kuinua zilizotandazwa baina ya mitumbwi. Lakini taa haiwezi kushindana na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga hutapakaa ziwa zima na samaki hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi hupumzika karibu juma zima. Kwa sababu hiyo mama wa Rumonge au wa Uvira hakuhitaji jedwali lililobandikwa ukutani. Jedwali lake lilikuwa angani. Katika usiku wa giza ndagala wabichi walikuwa rahisi na familia ilikula wabichi; waliozidi walianikwa mchangani kwa siku moja ya jua kali; mwezi ulipokuwa mpevu walitolewa wale wakavu, wakapikwa kwa mawese na nyanya, au wakatiwa ndani ya sombe ili wachache watoshe wengi. Huo ni utaratibu wa mwezi mzima, wenye akiba ndani yake.

Sasa tuje kwa posho.

Posho ni neno la msafara. Mpagazi aliyetoka pwani kwenda maziwa alipewa posho yake, na kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani karibu ratili moja na nusu. Mara nyingi hata nafaka yenyewe haikutolewa, bali kitambaa au shanga za kununulia chakula kwa siku kadhaa. Kitoweo kilikuwa juu ya mpagazi mwenyewe: aliokota uyoga, alinunua maharage, aliwinda, au alikula ugali mkavu. Kwa hiyo tangu mwanzo posho ilimaanisha chakula kilichopimwa na mtu asiyekila, kwa ajili ya mtu ambaye hakuulizwa anapenda nini. Hatusemi hivyo kwa kulaumu neno. Msafara wa watu mamia haungeweza kwenda pasipo kipimo. Lakini kipimo hicho kiliendelea kuishi hata misafara ilipokwisha, nacho kilihamia mahali pakubwa zaidi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Migodi ilitaka watu wengi katika nchi isiyokuwa na mashamba ya kuwalisha, hivyo unga wa mahindi uliletwa kwa reli kutoka Rhodesia. Amri ya Machi 1922 juu ya mikataba ya kazi iliwataka waajiri katika Kongo ya Kibelgiji wawalishe wafanyakazi wao, na posho ikawa sehemu ya mshahara. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kampuni ilileta pia wafanyakazi kutoka Ruanda-Urundi, watu waliozoea maharage, mtama, viazi vitamu na ndizi, wakakuta unga mweupe wa mahindi. Tunaweza kufikiri jinsi ilivyokuwa kwao, wengi wao vijana wasio na mama wala mke wa kuwageuzia chakula hicho kionekane cha nyumbani.

Karibu na mwisho wa miaka hiyo kampuni iligeuza siasa yake. Badala ya kuajiri wanaume peke yao kwa muda mfupi, iliwataka wakae kambini na wake zao kwa miaka mingi. Posho ikawa ya familia, ikapimwa na madaktari na makarani kwa uzito na kwa nguvu za mwili: unga kiasi hiki, nyama au samaki kiasi hiki, maharage, karanga, mafuta, chumvi. Wanawake walipanga mstari kila juma kuipokea. Kwa upande wa afya hatuwezi kukana kwamba posho hiyo ilisaidia. Vifo kambini vilipungua, na watoto wengi waliozaliwa humo walikua. Lakini yafaa mwalimu wa historia atazame kilichotokea baada ya mwanamke kuondoka mstarini na kapu lake. Huko ndiko kitoweo kilikoanza tena. Wanawake walilima bustani pembezoni mwa kambi, wakapanda lengalenga na matembele. Walibadilishana na kuuza wasichokitaka ili wapate walichokitaka. Karani alikuwa amepanga juma zima kwa mizani, na mwanamke akalipanga upya kwa mikono yake kabla ya jua kuchwa. Daftari ya kampuni iliandika mpango wa kwanza tu.

Kwa mwalimu wa lugha, safari ya neno hili ni somo zima. Katika Kenya na Tanzania posho sasa ni fedha anayopewa mtumishi kwa kazi au safari, ingawa mashine ya kusagia mahindi bado huitwa mashine ya posho katika sehemu nyingi. Katika Uganda posho si fungu la chakula tena, bali ni jina la ugali wenyewe wa mahindi. Waganda wana ndizi zao, na ugali wa mahindi waliujua zaidi kama chakula cha kugawiwa, katika kazi, jeshini, gerezani na katika shule za bweni. Jina la mgao likawa jina la chakula. Mwanafunzi wa Kampala ambaye hapendi posho anakichukia chakula ambacho jina lake lakumbuka mstari wa watu wenye sahani mikononi. Twashauri mwalimu asimcheke wala asiseme kwamba amekosea Kiswahili.

Serikali nazo zilipanga. Katika Ruanda-Urundi, baada ya njaa kubwa ya 1928 na 1929, utawala wa Kibelgiji ulilazimisha kila mwenye shamba kupanda mazao yasiyotegemea msimu mmoja, hasa muhogo na viazi vitamu, na asiyetimiza aliadhibiwa. Kulikuwa na busara katika chaguo lenyewe, kwa kuwa muhogo huweza kukaa ardhini ukingoja njaa. Hakukuwa na busara katika kiboko, na njaa ya 1943 na 1944 iliua watu wengi licha ya amri zote. Muhogo ulibaki. Lakini wakaguzi walihesabu mashina na mizizi tu, nazo nyumba zilihesabu na majani. Sombe, ambayo Watanzania huiita kisamvu, ni kitoweo chenye kazi nyingi: majani mabichi yana sumu, hivyo hutwangwa kinuni na kuchemshwa muda mrefu hadi uchungu utoke. Ndiyo sababu sombe haipikwi siku mama anapochelewa kutoka shambani, wala siku makala yamekwisha. Hupikwa nyingi kwa mara moja, ikaliwa leo kwa mawese, kesho kwa karanga, kesho kutwa kwa ndagala wachache waliobaki. Na maharage ni vivyo hivyo. Chungu kikubwa huchemshwa siku moja, sehemu ikaungwa jioni ile kwa kitunguu, na sehemu ikangoja kuchanganywa na ndizi au lengalenga. Kuni na makala vimo ndani ya mpango sawasawa na chakula chenyewe. Jambo hili majedwali ya juma husahau karibu siku zote.

Majedwali hayo yalikuja kwa njia ya nyumba za mafunzo ya wanawake zilizoitwa Foyer Social. Ile ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilifanya kazi tangu 1946 hadi karibu na uhuru. Wanawake wa mjini walifundishwa humo kushona, kupiga pasi, kulea watoto na kupika, na walimu wa Kizungu waliwatembelea majumbani kutazama kama mafunzo yanafuatwa. Wengi walijifunza mambo ya manufaa, na ufundi wa kushona uliwapatia baadhi yao fedha zao wenyewe. Twasema hayo kwa haki. Ila mafunzo ya aina hiyo yalijengwa juu ya wazo kwamba mwanamke huyu alikuja na mikono mitupu, hajui kupanga nyumba. Hakuna aliyefikiri kumwuliza juu ya mwezi na ndagala. Na kwa kuwa shule zetu nyingi zilirithi somo la mapishi kutoka huko, ile orodha ya chai na mkate katika vitabu vya lugha nayo ni mjukuu wa mafunzo hayo.

Mara moja moja mpango wa wataalamu na umbo la kale vilikutana vikapatana. Ziwa Kivu, kwa sababu za kiasili, lilikuwa na aina chache za samaki, na hakuna hata moja iliyoishi kwa wingi katika maji ya katikati ikila viumbe vidogo vielevyo humo. Kati ya 1958 na 1960 wataalamu walichukua vifaranga vya aina mbili za dagaa wa Ziwa Tanganyika wakavimwaga katika Kivu. Aina moja ilitoweka. Nyingine ikashika, ikazaana, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 uvuvi wake ukawa kazi ya watu wengi. Leo samaki huyo ni kitoweo cha kila siku huko Bukavu, Goma, Gisenyi na Kibuye, na jina lake ni sambaza. Hakuna aliyelazimishwa kumla. Nafasi ilikuwapo kando ya bugali, naye alikuwa mdogo, wa bei nafuu, mwepesi kuiva, akaingia.

Tungeweza kuishia hapa kwa furaha, lakini historia haituruhusu. Kampuni ya migodi ya Katanga, iliyotaifishwa mwanzoni mwa 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, iliendelea kwa miaka mingi kuwapa wafanyakazi wake mifuko ya unga. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka, mishahara ikakatika miezi kwa miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Waliolisha nyumba wakati huo walikuwa wake zao, kwa mashamba ya nje ya mji na meza ndogo za soko. Katika miaka hiyo hiyo, huko Kinshasa, watu waliobaki na mlo mmoja kwa siku waliuita kwa Kifaransa kengele moja. Na zamu ya watoto kula, hawa leo na wale kesho, waliiita kwa neno linalotumiwa umeme unapokatwa mtaa kwa mtaa. Ni maneno ya mzaha, na mzaha wake unaumiza. Mtu asije akachukua sifa tulizozitoa kwa chungu chenye kubadilika akazifanya kisingizio cha njaa. Mama anayechagua baina ya sombe, maharage na ndagala amepanga. Mama anayechagua ni mtoto gani ale leo hakupanga. Amepangiwa, na hata kibaba cha mpagazi hakupewa.

Hali hiyo huonekana sokoni kabla ya kuonekana chunguni. Muuzaji hupanga lengalenga, nyanya na ndagala kwa mafungu, na bei ya fungu hukaa pale pale kwa muda mrefu kuliko wengi wadhanivyo. Kinachopungua ni fungu lenyewe. Mwenye macho hutambua kupanda kwa gharama za maisha kwa kuhesabu nyanya, wala hahitaji gazeti.

Kwa upande wa darasa, twapendekeza jambo moja ambalo halina gharama. Badala ya orodha ya kitabu, mwalimu awaombe wanafunzi waandike kwa juma moja kile kilichopikwa nyumbani, kwa majina yanayotumika nyumbani, na kando ya kila jina waandike sababu: kwa nini leo hiki na si kile. Asiwaombe wasome kwa sauti mbele ya wenzao, maana katika darasa lolote pana nyumba ambazo siku fulani hazikupika, na aibu ya namna hiyo haifai kuwa sehemu ya somo. Majina yakishakusanywa, yalinganishwe ubaoni: sombe na kisamvu, lengalenga na mchicha, mukeke wa Bujumbura na mgebuka wa Kigoma, makala na makaa. Sarufi itajitokeza yenyewe, kwa sababu mtu hawezi kueleza sababu za chungu pasipo kutumia kama, ingawa, kwa kuwa, na ili.

Na hapo mwalimu aliyetoka pwani awe tayari. Mwanafunzi wa Bukavu ataandika kwamba Jumanne walikula sambaza, na mwalimu, akiona kitenzi mahali pa jina, atataka kuuliza ni nini kilichosambazwa. Aulize. Mtoto atamweleza juu ya samaki wenyewe, jinsi wavukavyo na mitumbwi ya alfajiri, na kwa nini juma la mbalamwezi nyumbani kwao walikula maharage.